Je, Wajua? Tone la wino humfichua fangasi wa ubongo

Mkazi wa Ruashi, Lubumbashi, aliyedhoofishwa na virusi vya UKIMWI akiumwa kichwa wiki nzima, nyumbani watasema ni malaria. Huenda ni kriptokoka, fangasi wa udongoni na kwenye kinyesi cha njiwa, anayeingia kwa pumzi na kuishia kwenye utando wa ubongo. Mwenye kinga imara kwa kawaida humshinda bila hata kujua.

Daktari hutoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano ya kiunoni. Maabarani, tone lake huchanganywa na tone la wino mweusi, aina ile ya wachoraji, kisha hutazamwa kwa hadubini. Wino hutanda kote isipokuwa kumzunguka fangasi: ganda lake la utelezi huusukuma, naye hung'aa kama mwezi uliozingirwa na duara jeupe, pengine na kichipukizi ubavuni.

Fangasi wakiwa wachache, wino huwakosa. Kijiti cha kupimia antijeni huwanasa vizuri zaidi, na jibu hutoka kwa dakika 10 hivi.

Fangasi mwingine, Candida albicans, hutegwa vingine: hutiwa kwenye majimaji ya damu yenye joto la nyuzi 37, na ndani ya saa 2 au 3 huota mkia.

Na kriptokoka mwenyewe alipatikana wapi? Mwaka 1894 Mwitaliano Francesco Sanfelice alimkuta kwenye maji ya tunda la pichi.