Waya wa Ardhini Unaolinda Redio

Wengi wetu tufunguapo redio jioni kusikiliza habari, mawazo yetu humwendea msomaji wa habari, au pengine ule mlingoti mrefu unaoonekana kwa mbali huko Ngong au Limuru. Ni wachache wanaofikiri juu ya waya uliofukiwa chini ya mlingoti huo. Lakini muulize fundi ye yote wa mitambo ya kutangaza, hasa mvua za Machi zikikaribia, naye atakuambia kwamba waya huo ndio utakaoamua kama kesho asubuhi stesheni itasema au itanyamaza.

Redio si jambo geni mjini Nairobi. Matangazo yalianza mwaka 1928, na baadaye kampuni ya Cable and Wireless ikayaendesha kwa miaka mingi, mitambo yake ikiwa Kabete, upande wa magharibi wa mji. Mwaka 1959 serikali ilianzisha Kenya Broadcasting Service, mwaka 1961 ikawa shirika, mwaka 1964 ikaitwa Sauti ya Kenya, na tangu mwaka 1989 ni KBC. Majina yamebadilika mara nyingi, lakini mpango umebaki ule ule: watangazaji hukaa katikati ya mji, katika nyumba yao ya Harry Thuku Road, na milingoti husimamishwa nje ya mji, penye nafasi na mwinuko. Na penye mwinuko ndipo radi hupiga kwanza.

Radi moja ya kawaida huleta umeme wa ampea 30,000 hivi, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Nyumba yenye taa, pasi na redio haifikishi hata ampea 30. Umeme mwingi namna hiyo hauwezi kuzuiwa; kazi ya fundi ni kuupa njia fupi na pana ya kushukia ardhini. Mkulima atalielewa jambo hili upesi. Mvua kubwa ikinyesha juu ya udongo uliolimwa vizuri, maji huzama. Ikinyesha juu ya udongo mgumu, maji hujaa na kutafuta njia nyingine, hata kupitia mlangoni mwa nyumba. Ugumu wa ardhi kupokea umeme hupimwa kwa omu. Ukiwa omu 10, basi radi ya ampea 30,000 itainua mlingoti wote kufikia volti 300,000, ingawa chuma chake kimefungwa ardhini.

Volti 300,000 zenyewe si lazima zivunje kitu, mradi kila kitu kipande pamoja. Ndege akitua juu ya waya mmoja wa stima hapatwi na neno, kwa sababu miguu yake yote miwili iko juu ya volti zile zile. Hatari huja pale sehemu moja inapopanda na nyingine ikabaki chini. Chukua mfano wa kituo ambacho mlingoti una nondo yake ya ardhini nyuma ya nyumba, na stima ya kampuni ina nondo yake nyingine karibu na lango. Radi ikipiga, mlingoti na waya wake hupanda ghafula, lakini waya wa stima hubaki pale pale. Katikati umesimama mtambo wa kutangaza, umeshikwa na huyu mkono wa kulia na yule mkono wa kushoto. Umeme utavuka ndani yake, na asubuhi fundi atakuta harufu ya vitu vilivyoungua. Kwa maoni yangu, ardhi mbili zisizounganishwa ni mbaya kuliko ardhi moja iliyo dhaifu. Dawa yake ni kuzifunga nondo zote pamoja kwa utepe mpana wa shaba, na kuhakikisha kwamba kila waya uingiao nyumbani, wa mlingoti, wa stima na wa simu, unapitia mahali pamoja na kufungwa hapo kabla ya kuufikia mtambo.

Wafugaji wamekwisha kuliona jambo hili pasipo kusoma kitabu. Radi ikipiga mti, ng'ombe waliojikinga chini yake hufa, hata wale ambao hawakuugusa. Umeme unapotawanyika ardhini, volti hupungua kadiri unavyoenda mbali na shina. Miguu ya mbele ya ng'ombe imeachana sana na ya nyuma, basi umeme hupanda huku na kushukia kule, ukipitia moyoni. Ndiyo maana mlingoti huzungushiwa ua, na mlinzi mwenye busara halisogelei eneo lile wakati wa ngurumo.

Udongo nao una tabia zake. Kabete na Dagoretti kuna udongo mwekundu wenye kina kirefu. Nondo huingia bila taabu, lakini maji hupita upesi, na kiangazi tabaka la juu hukauka kabisa. Upande wa mashariki na kusini ya mji kuna udongo mweusi unaoshika maji vizuri, lakini ukikauka hupasuka na kuiachia nondo, na mara nyingi mwamba hauko mbali chini yake. Mafundi wa zamani walimwaga chumvi na makaa shimoni. Chumvi husaidia, lakini huila shaba na kuchukuliwa na mvua, kwa hiyo siku hizi wengi hupendelea udongo wa bentonaiti.

Mlingoti wa masafa ya kati una haja kubwa zaidi, kwa kuwa ardhi ni nusu ya chombo chenyewe cha kurusha sauti. Tangu mwaka 1937, wataalamu wa Marekani walipochapisha vipimo vyao, desturi nzuri imekuwa kufukia nyaya 120 zilizotandazwa pande zote kama njiti za gurudumu la baiskeli. Stesheni yenye wimbi la meta 300 hutaka kila waya uwe na urefu wa meta 75, yaani kilometa tisa za shaba kwa jumla. Hazifukiwi mbali sana chini, basi jembe la mtu apandaye mahindi huweza kuzikata, na mwizi wa shaba huzitamani.

Hatari nyingine huja kwa njia ya stima. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na Kenya karibu nzima ikawa gizani kwa zaidi ya saa tatu. (Tumbili mwenyewe alipona.) Siku kama hiyo kituo hutegemea betri na jenereta, lakini dakika za kuogopwa zaidi ni zile za umeme kurudi, maana volti huyumba. Swichi iliyotengenezwa vizuri hungoja dakika kadhaa kwanza, jenereta ikiendelea kufanya kazi.

Kisha kuna kupima. Wako wanaopima ardhi yao mwezi wa Aprili, udongo ukiwa umelowa, wakafurahia omu tatu. Ipimwe Februari, kabla ya mvua, ili nondo ya kuongezwa ipate kupigwa mapema.