Mnyama Mgeni Nyumbani

Watoto wengi hapa Mwanza huwaambia wazee wao: "Paka tumemzoea; sasa tufuge tumbili, au kasuku asemaye." Yapasa mzazi alifikiri sana ombi hili kabla ya kulikubali.

Dini yetu haikukataza kufuga kwa ajili ya furaha. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik, alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea, na Mtume (s.a.w.) alimwuliza habari zake kwa upole, wala hakumkanya. Walakini imepokewa pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia hata akafa, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Basi ruhusa ipo, na hesabu ipo.

Na tutazame kisiwa cha Rubondo, kusini-magharibi ya ziwa letu. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliletwa huko sokwe 17 kutoka Ulaya. Walikuwa wamekamatwa wadogo Afrika ya Magharibi, kisha wakakaa kwa wanadamu, wengine miaka mingi. Walipofunguliwa walijifunza tena kutafuta chakula, na vizazi vyao vipo hata leo. Lakini madume wawili waliwashambulia watu, wakapigwa risasi. Mnyama wa mwitu aliyelelewa na watu hupoteza hofu yake, lakini nguvu na meno hubaki.

Tumbili ni vivyo hivyo. Akiwa mchanga hukaa begani. Akipevuka huuma, kisha hufungwa mnyororo maisha yake yote. Kasuku wa kijivu naye aweza kuishi miaka 40 na zaidi; ni nani atakayemtunza watoto wakisha kuoa na kuolewa? Tena sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 hairuhusu kuweka mnyama wa mwitu pasipo kibali.

Kwa nyumba itakayo kiumbe kipya, sisi twashauri njiwa. Mpeni mtama, maji safi na kisanduku cha mbao ukutani, mbali na paka. Akisha kuzoea, asubuhi huruka, na jioni hurejea kwa hiari yake. Mtoto amngojaye hujifunza kupenda pasipo kufunga.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye huruma kwa viumbe vyake. Amin.