Mgongo wa Punda: Sindano, Moto na Matandiko

Kwa wakulima wenye punda, katika Tabora na katika njia ya zamani ya misafara.

Wengi wenu mmesikia ya kwamba katika nchi za Ulaya na Marekani wako waganga wa farasi wamdungao mnyama sindano nyembamba katika ngozi, na wengine wausukumao uti wa mgongo kwa mikono, ili pingili, kama wasemavyo, zirudi mahali pake. Nimeulizwa mara nyingi kama mambo hayo yangewafaa punda wetu. Nitajibu, lakini kwanza yafaa kujua kwa nini huku twasema habari za punda, wala si za farasi.

Farasi hana makao katika njia hii. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kuja Unyanyembe alikuwa na farasi wawili na punda 27. Farasi wote wawili walikufa katika majuma ya kwanza, na punda wengi wakafa baadaye njiani. Katika mapori ya miombo yuko ndorobo, aletaye nagana, na farasi hawezi kuistahimili. Ndiyo sababu kubwa ya pembe na nguo kuchukuliwa mabegani mwa wapagazi Wanyamwezi, mpaka reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Punda naye huipata nagana, lakini hustahimili zaidi.

Sasa nijibu. Tiba ya sindano ni elimu ya kale ya Wachina, nayo walitibia watu na farasi pia. Tiba ya kusukuma pingili ni changa. Ilianzishwa na Palmer katika Marekani mwaka 1895 kwa ajili ya watu, na baadaye ikaingizwa kwa wanyama. Wataalamu walioipima kazi hii kwa farasi hawajapata ushahidi wenye nguvu. Wengine waona maumivu yamepungua kidogo, wengine hawaoni tofauti. Pingili za punda zimefungwa kwa kano nene na nyama nyingi. Pingili ikitoka mahali pake kweli, mnyama hasimami tena. Tena mganga yule humwagiza mwenye mnyama ampumzishe. Mnyama akipona, sindano hupata sifa iliyo haki ya mapumziko.

Sisi nasi tuna tiba zetu za namna hiyo: chale, na chuma cha moto kiwekwacho juu ya mahali paumapo. Hapa sitasema kwa upole. Chuma hakiponyi mgongo. Huongeza kidonda juu ya maumivu. Na kidonda ni mlango wa pepopunda, ugonjwa ambao jina lake lenyewe latukumbusha mnyama huyu. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na samadi, na katika wanyama wa nyumbani farasi na punda hushikwa upesi kuliko wengi. Nilimwona punda mmoja aliyechomwa kiunoni kwa sababu alikuwa akichechemea. Siku chache baadaye miguu ilikauka kama nguzo, mkia ukasimama, masikio yakakakamaa, taya zikafungika asiweze kunywa maji. Alikufa, na mwenyewe akarudi kuchukua maji kwa kichwa. Sindano chafu yaweza kuleta ugonjwa ule ule. Kinga yake ni chanjo. Mwulizeni afisa mifugo.

Mgongo wa punda huumizwa hasa na mzigo. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 za maji, na punda wetu mdogo haifai abebe zaidi ya kilo 50 hivi. Basi mpeni madumu mawili, moja kila upande, yenye uzito sawa. Upande mmoja ukizidi, matandiko huvutwa na ngozi husuguka.

Matandiko mazuri hayahitaji fedha nyingi. Shoneni mito miwili mirefu ya gunia, mkaijaze nyasi kavu au matambara, mkaiunganishe hivi kwamba kila mmoja ulale upande wake wa uti wa mgongo, na katikati pabaki mfereji wa vidole vinne. Mzigo ukae juu ya nyama za mbavu, usiguse mfupa kamwe. Mkanda wa tumboni uwe mpana, wa kitambaa kinene. Kamba ya nailoni hukata, na mpira wa gari hutunza jasho mpaka ngozi ikaoza. Jasho likikauka hubaki chumvi ikwaruzayo kama mchanga, kwa hiyo fueni gunia mara kwa mara.

Punda huficha maumivu yake. Kila asubuhi, kabla ya kumtandika, mpitishieni vidole viwili kando ya uti wa mgongo, pande zote mbili. Akiinamisha mgongo, au akipiga mkia, au akilaza masikio, asibebe siku ile. Nywele nyeupe mgongoni ni alama ya vidonda vya zamani: mara nyingi hapo ndipo matandiko yasuguapo. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kidogo cha chumvi katika nusu lita. Msitie mafuta machafu ya gari wala maji ya betri. Mzigo usirudi mpaka ngozi imefunga kabisa.

Lakini punda akiyumba miguu ya nyuma, akakonda ingawa anakula, na ufizi ukawa mweupe, huenda si mgongo bali ni nagana. Hapo mwiteni afisa mifugo, wala msinunue dawa dukani kwa kubahatisha, maana dawa nyingine ya ng'ombe yaweza kumwua punda. Kwato nazo ziangalieni. Zikirefuka mno hubadili mwendo wake wote, na mgongo ukauma. Zikatwe kila majuma 6 hata 10.

Jioni, mkiisha kumfungua, mwacheni agaegae mavumbini. Yule aliyezoea kugaagaa, kisha siku moja akakataa, au akainuka kwa shida, mtazameni mgongo siku ile ile.