Neno "Hand" na Maana Zake

Yako maneno ya Kiingereza ambayo kila mtoto huyajua tangu mwaka wake wa kwanza shuleni. Kwa kuwa tuliyajua mapema, hatuyaogopi. Hata hivyo maneno hayo mafupi hutuangusha mara nyingi kuliko yale marefu, maana neno refu twalitafuta katika kamusi, bali fupi twalipita tukidhani twalijua. Mojawapo ni neno "hand", ambalo sote tulifundishwa kuwa ni mkono.

Siku moja nilimpeleka mjomba wangu Kariandusi, karibu na Gilgil, palipo na makumbusho ya mambo ya kale kando ya barabara kuu iendayo Nakuru. Hapo ndipo msafara wa Bwana Louis Leakey ulipoanza kufukua, mwishoni mwa miaka ya 1920, mawe yaliyochongwa na watu wa zamani sana. Waingereza huyaita mawe hayo "hand-axe", nami njiani nilikuwa nimekwisha kumwambia mjomba kwamba tutaona mashoka ya mkono. Tulipofika ukingoni mwa shimo aliyatazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mpwa wangu, mawe nayaona. Mipini yake iko wapi?"

Mipini haikuwako. Watu wale, ambao wataalamu wakadiria kuwa waliishi hapo kati ya miaka 700,000 na 1,000,000 iliyopita, hawakulitia jiwe katika mti. Walilishika hivi hivi kwa kiganja, wakachunia na kukatia nyama. Hivyo "hand" katika jina lile ndio mpini wenyewe. Tena neno la Kiingereza la mpini, yaani "handle", limetoka katika "hand" hiyo hiyo.

Chanzo cha kupotoka kwetu ni hiki. Mkono wa Mswahili waanzia begani hata ncha za vidole. "Hand" ya Mwingereza yakoma mahali tufungapo saa. Sehemu iliyobaki ina jina lake jingine, "arm". Basi kila tuonapo "hand", yafaa kwanza tufikiri kiganja na vidole, wala si mkono mzima.

Tofauti hii yaonekana wazi katika vipimo. Walowezi waliofuga farasi katika Bonde la Ufa walipima urefu wao kwa "hand", na kipimo hicho ni upana wa kiganja, yaani inchi 4. Mkono wetu wa kupimia, ambao pia huitwa dhiraa, ni toka kiwiko hata ncha ya kidole cha kati, yapata inchi 18. Farasi wa "hand" 15 ana futi 5 toka chini hata juu ya mabega. Karani akiandika kwamba farasi huyo ana mikono 15, amemfanya mnyama wa futi 22 na nusu, naye twiga hafiki huko!

Ofisini neno hili huvaa nguo nyingi. Fedha zilizo "in hand" ni zile zilizopo, hazijatumika. Jambo lililo "in hand" linashughulikiwa, bali likiwa "out of hand" limeshindikana kutawaliwa. Mtu atoaye hati "under my hand" ametia sahihi yake. "Note of hand" si barua iliyoandikwa kwa mkono, kama wengi wadhanivyo. Ni hati ya kuahidi kulipa deni, na atiaye sahihi chini yake amejifunga. Mkulima aionapo karatasi ya namna hiyo, asiiguse kalamu mpaka aelezwe kila neno.

Lakini maana iliyonifundisha mimi adabu ni nyingine. Waajiri wa Kiingereza tangu zamani humwita mfanyakazi "hand", kana kwamba kilichokuja kazini ni viganja viwili tu. Jirani yangu mmoja, kijana ambaye alikuwa amekwisha kufanya kazi ya mavuno misimu mitatu katika shamba moja, aliniletea tangazo la shamba hilo nimsomee. Liliandikwa kwamba "old hands" wangeandikwa kwanza. Nililitazama mara moja, nikamwambia bila kusita, "Safari hii wanataka wazee." Akaniamini, akabaki nyumbani.

Ndugu msomaji, "old hand" si mzee. Ni mtu aliyeizoea kazi, hata akiwa na miaka ishirini. Yule kijana ndiye hasa aliyekuwa akitafutwa. Alipopata habari kwa wenziwe na kukimbilia huko, nafasi zilikuwa zimekwisha, na msimu ule ukampita hivi hivi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Karani, mimi nilikuja kwako kwa sababu wewe umesoma." Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi.

Tusidhani kwamba Waingereza peke yao humtaja mtu kwa kiungo chake. Kodi iliyoanza kutozwa nchini Kenya mwaka wa 1910 juu ya wanaume wazima, kwa Kiingereza "poll tax", sisi tuliiita kodi ya kichwa, na "poll" kwa Kiingereza cha kale ni kichwa hasa. Basi baba zetu walihesabiwa na serikali kwa vichwa, wakahesabiwa na mashamba kwa mikono. Katika hesabu zote mbili aliyekuwapo ni mtu mzima, mwenye nyumba na watoto wa kulisha, naye ndiye mwenye kupata hasara karani akikosea.

Kwa hiyo nawasihi makarani wenzangu: asomaye kwa niaba ya mwingine ameshika riziki ya mwingine. Tukutanapo na neno dogo tulijualo tangu utotoni, tusione haya kufungua kamusi mbele ya yule aliyetuletea karatasi. Kuuliza si ujinga. Mjomba wangu hakusoma Kiingereza hata siku moja, lakini pale Kariandusi aliuliza mipini iko wapi, na kwa swali hilo alilielewa neno "hand" kabla yangu.