Dawa Inayopungua Ikiwa Njiani

Sanduku la jenereta ya teknesiamu linashuka kwenye ndege Ijumaa jioni, limefungwa barabara, risasi nzito ndani yake, muhuri haujaguswa. Saa 12 zimegonga, na mwenye kuidhinisha mzigo utoke ameshakwenda nyumbani. Sanduku linalala ghalani. Jumatatu saa 6 mchana gari la hospitali linakuja kulichukua. Hakuna aliyelifungua, hakuna kilichomwagika, lakini nusu ya dawa haipo tena.

Haikuibwa wala haikuoza. Ndani ya sanduku mna molibdenamu-99, isotopu yenye mionzi. Isotopu ni ndugu wa elementi moja: protoni zao ni sawa, nyutroni zinatofautiana. Baadhi ya ndugu hao hawatulii. Atomi zao hubadilika zenyewe na kuwa kitu kingine, zikitoa mionzi, na muda unaochukua nusu ya atomi kubadilika ndio unaoitwa nusu uhai. Wa molibdenamu-99 ni saa 66, na kutoka Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 6 mchana ni saa 66 kamili. Jokofu halisaidii, wala kufuli.

Molibdenamu yenyewe hapigwi nayo mtu sindano. Kinachotakiwa ni kile inachokizaa, teknesiamu-99m, ambayo nusu uhai wake ni saa 6 tu. Isotopu hii moja hutumika katika karibu asilimia 80 ya vipimo vya tiba ya nyuklia duniani. Kwa kuwa haiwezi kusafirishwa mbali, husafirishwa mzazi wake. Jenereta hiyo, ambayo haina uhusiano na umeme, ilibuniwa katika maabara ya Brookhaven, New York, mwishoni mwa miaka ya 1950.

Kazi yake huanza asubuhi. Mtaalamu huchomeka kichupa cha maji ya chumvi upande mmoja, na upande wa pili kichupa kisicho na hewa ndani, kilichovikwa gamba la risasi. Kile kitupu huyavuta maji, nayo hupita kwenye safu nyembamba ya alumina. Molibdenamu hung'ang'ania palepale. Teknesiamu huachia na kutoka na maji. Dakika chache zinatosha. Wataalamu wenyewe husema wanakamua, na kweli ni kama ng'ombe: mwache hadi kesho asubuhi, kiwele kimejaa tena. Ila ng'ombe huyu hupunguza maziwa kila siku, na baada ya wiki moja amebakiwa na takriban sehemu moja kati ya sita ya nguvu aliyoanza nayo.

Mfikirie mama aliyetibiwa saratani ya matiti, ambaye sasa mgongo unamuuma usiku. Teknesiamu yake huchanganywa na kemikali inayoshikamana na mifupa, akadungwa mkononi, akaambiwa anywe maji mengi na asubiri saa mbili au tatu. Kisha hulala chali chini ya kamera ya gama, ambayo haitoi mionzi yoyote bali inapokea ile inayotoka mwilini mwake. Palipo na saratani, mfupa huhangaika kujijenga upya, na dawa hukusanyika hapo kwa wingi. Eksirei huonyesha umbo la mfupa. Kipimo hiki huonyesha mfupa unafanya nini, na mara nyingi hugundua tatizo miezi kadhaa kabla ya eksirei. Kwa mama huyu, miezi hiyo ndiyo inayoweza kuamua kama atapata tiba kabla uti wa mgongo haujavunjika.

Wapo wanaokimbia kipimo hicho kwa kusikia neno mionzi tu. Hofu yao inaeleweka, lakini hesabu iko upande wa mgonjwa: baada ya siku moja, hata bila kuhesabu kiasi kilichotoka kwa mkojo, imebaki sehemu moja tu kati ya 16. Haraka ileile inayowasumbua wasafirishaji ndiyo inayomlinda yeye.

Wazo la kufuata chembe zenye mionzi popote zinapokwenda lina zaidi ya miaka mia moja. George de Hevesy, mkemia kutoka Hungaria, alikuwa Manchester mwaka 1911 akiishi nyumba ya kupanga yenye chakula. Inasimuliwa kwamba alishuku mwenye nyumba anawarudishia wapangaji mabaki ya mezani, akatia kiasi kidogo cha mionzi kwenye chakula alichokibakiza, na siku chache baadaye kifaa chake kikaikuta ndani ya pishi jipya. Mwaka 1923 alichapisha utafiti ulioonyesha, kwa kutumia risasi yenye mionzi, jinsi mmea wa maharagwe unavyonyonya na kusambaza madini, na kazi ya namna hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1943. Teknesiamu nayo iligunduliwa mwaka 1937 huko Palermo na Emilio Segrè na Carlo Perrier, ndani ya kipande cha molibdenamu kilichotumwa kwa posta kutoka Berkeley, Marekani.

Leo, ili kupata molibdenamu, dunia nzima inategemea vinu vichache vya nyuklia, na vingi ni vikongwe. Bamba za urani hupigwa nyutroni kwa siku kadhaa, zikayeyushwa, molibdenamu ikachujwa na kupakiwa kwenye ndege. Mei 2009 kinu cha Chalk River nchini Kanada kilivuja maji mazito, kikazimwa hadi Agosti 2010. Kabla hakijarudi, kile cha Petten, Uholanzi, nacho kikafungwa kwa matengenezo. Hospitali za nchi tajiri kabisa ziliahirisha vipimo, na kwa vipimo vya moyo madaktari wengine wakarudia isotopu ya thaliamu waliyokuwa wameiacha.

Hata isotopu zinazodumu hudai muda wao. Kobalti-60, inayotumika kuchoma uvimbe kwa mionzi ya gama tangu mwaka 1951, ina nusu uhai wa miaka 5 na miezi mitatu hivi. Chanzo chake kisipobadilishwa kwa muda huo, mgonjwa aliyehitaji dakika mbili mezani atahitaji nne, na foleni nje ya chumba itakuwa ndefu zaidi. Mashine inawaka kama kawaida, kwa hiyo asiyejua hesabu hiyo huweza kudhani wahudumu wamekuwa wavivu.

Ndiyo maana naona mjadala wetu Afrika Mashariki umeegemea mno kwenye kununua kamera, huku safari ya dawa yenyewe ikisahaulika. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ina huduma ya tiba ya nyuklia, na kinu cha SAFARI-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini, kilichowashwa mwaka 1965, ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa molibdenamu duniani. Nairobi ina siklotroni, mashine ya kuongeza kasi ya chembe, inayotengeneza florini-18, isotopu nyingine ya vipimo ambayo nusu uhai wake ni dakika 110. Dozi ya florini iliyokamilika Nairobi saa 12 alfajiri huwa imebaki robo ifikapo saa 3 na dakika 40. Kwa hesabu hiyo bado inawezekana kuwahudumia wagonjwa wa miji jirani, mradi kibali cha mamlaka za mionzi na za forodha kitolewe ndege ikiwa bado haijaruka, mpokeaji awepo hata Jumapili, na mgonjwa awe ameshafunga kula tangu usiku. Gharama ya haya ni ndogo ukilinganisha na bei ya kamera moja, na wizara zetu zinaweza kuyaanza mwaka huu.