KUFUNGA MZIGO KATIKA BAISIKELI YA CHAMA ILI ISIYUMBE



Vipo vyama vya msingi katika Jiji la Dar es Salaam, tangu Mikocheni na Kawe hadi Temeke na Mbagala, ambavyo bado vina baisikeli katika daftari la mali. Maziwa ya asubuhi, trei za mayai, mboga, nazi na chakula cha kuku husafiri juu ya keria kabla jua halijapanda. Gari la kukodi huweza kula faida yote ya mzigo mdogo. Pikipiki hutaka mafuta kila siku. Baisikeli hutaka pumzi ya mpandaji na matengenezo machache tu.

Hata hivyo, mkaguzi afunguapo vitabu hukutana na maneno yale yale katika safu ya upotevu: "maziwa yamemwagika", "mayai yamevunjika". Huandikwa kana kwamba jambo hilo halina chanzo, kisha fedha hukatwa katika posho ya mpelekaji. Yafaa tujiulize: je, kosa lilikuwa la mpelekaji, au lilikuwa katika mzigo wenyewe kabla hajaondoka uani? Makala haya yaeleza kwa nini baisikeli yenye mzigo huyumba, na namna ya kuzuia.

KWA NINI BAISIKELI HUYUMBA

Baisikeli haisimami wima yenyewe. Inapoegemea kulia, mpandaji huugeuza usukani kulia kidogo, mara nyingi bila hata kufikiri, na magurudumu hurudi chini ya uzito. Inapoegemea kushoto hufanya kinyume chake. Kazi hiyo huendelea safari nzima, na hufanywa na gurudumu la mbele. Basi kila kinachopunguza nguvu ya gurudumu la mbele kushika ardhi, au kinachochelewesha masahihisho hayo, ndicho kiletacho kuyumba. Sababu kubwa ni tatu.

Sababu ya kwanza ni mzigo kukaa nyuma mno. Tufanye hesabu. Keni mbili za alumini za lita 20 kila moja, zikijaa maziwa, ni kama kilo 50 pamoja na uzito wa keni zenyewe. Tuseme umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni sentimita 110, na katikati ya mzigo pako sentimita 22 nyuma ya ekseli ya nyuma. Hapo ekseli ya nyuma huwa kama egemeo la mizani, na mzigo hulinyanyua gurudumu la mbele kwa nguvu ya 50 mara 22, gawanya kwa 110, yaani kilo 10. Mpandaji wa kilo 65 juu ya baisikeli ya kilo 20, akikaa wima kama ilivyo desturi katika baisikeli zetu, huweka mbele karibu theluthi moja tu ya uzito, yaani kama kilo 28. Ukiondoa 10, zimebaki 18. Usukani huwa mwepesi mno, na gurudumu huteleza kwenye mchanga.

Mzigo huo huo ukiletwa juu ya ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele halipotezi kitu. Ukisogezwa sentimita 11 mbele ya ekseli, gurudumu la mbele huongezewa kilo 5. Uzito ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali pake.

Sababu ya pili ni mzigo kukaa juu mno. Mzigo uliorundikwa kama mnara huchelewa kufuata baisikeli. Mpandaji anaporekebisha kushoto, mzigo bado uko njiani kwenda kulia. Anaporekebisha kulia, mzigo ndio kwanza unafika kushoto. Viwili hivyo hufukuzana, na kila mara mtikisiko huongezeka.

Sababu ya tatu ni ulegevu. Keria iliyolegea nati, kamba iliyonyooka, spoku zisizokazwa, gololi za shingo ya usukani zilizolika: kila kimoja huuachia mzigo nafasi ya kucheza. Njiani polepole hauonekani, lakini penye mteremko, kama unaposhuka kuelekea bonde la Mto Mlalakuwa, mwendo huongezeka na mtikisiko mdogo hujilisha wenyewe hata usukani ukatetemeka mikononi.

MAFUNZO KUTOKA KWA WENGINE

Wabebaji wa mizigo mizito waligundua mambo haya kwa kazi. Mjini Goma, mashariki ya Kongo, chukudu hutengenezwa kwa mbao, na mzigo hulazwa juu ya ubao ulio karibu na ardhi, baina ya magurudumu mawili. Ndiyo sababu huweza kuchukua magunia mengi ambayo baisikeli ya kawaida isingeyamudu. Huko Vietnam, katika vita vya Dien Bien Phu mwaka 1954, maelfu ya wachukuzi walisukuma baisikeli zilizoweza kubeba kilo 200 na zaidi. Walifunga mzigo pande zote mbili za fremu, wakaunga mti kwenye usukani ili kuuongoza kutoka pembeni. Hawakuzipanda, walizisukuma. Hilo nalo ni funzo: upo uzito ambao mtu mwenye akili hushuka na kusukuma.

KANUNI ZA KUFUNGA MZIGO

1. Kizito kiwe chini. Kitu kizito kining'inizwe pembeni mwa gurudumu la nyuma, katika tenga au kitako cha chuma kilichofungwa kwenye keria. Chepesi ndicho kikae juu.

2. Kizito kiwe mbele ya ekseli ya nyuma au juu yake, kadiri visigino vya mpandaji vitakavyoruhusu. Wengi husukuma mzigo nyuma kwa sababu visigino vinagonga tenga. Dawa yake ni kutengeneza tenga jembamba zaidi au kukata pembe yake ya mbele, si kurudisha mzigo nyuma.

3. Pande mbili ziwe sawa. Keni moja iliyojaa kulia na nyingine nusu kushoto humlazimu mpandaji kupinda mwili safari nzima. Pimeni kwa mizani ya chama kabla ya kufunga.

4. Kilo chache zaweza kuwekwa mbele, chini, pande zote mbili za gurudumu, ikiwa pana keria ya mbele iliyo imara. Usukani wenyewe si mahali pa kutundika mizigo. Mfuko unaoning'inia hapo hubembea, na ukiingia katika spoku gurudumu husimama ghafla na mpandaji hurushwa mbele.

5. Mzigo na keria viwe kitu kimoja. Vipande vya mpira wa ndani wa tairi kuukuu hufaa kuliko kamba tupu, kwa kuwa huendelea kukaza hata mzigo ukijikalia. Fungeni kwa kupishanisha, si kwa mzunguko mmoja. Ncha zote zifichwe mbali na spoku na mnyororo.

6. Keria yenyewe iwe na miguu minne iliyofika karibu na ekseli. Keria nyepesi iliyotengenezwa kwa ajili ya mkoba wa mwanafunzi si ya kubebea maziwa.

VIMIMINIKA NA MAYAI

Maziwa yana tabia ambayo gunia halina: hutembea ndani ya chombo. Keni iliyojaa nusu ni hatari kuliko iliyojaa, kwani kila kona maziwa hukimbilia upande mmoja na kila breki hukimbilia mbele. Kama kuna lita 30, msigawe 15 katika kila keni ya lita 20. Chukueni keni ndogo mbili zitakazojaa, au jazeni moja ya 20, na lita 10 ziingie katika keni ndogo upande wa pili pamoja na mzigo mwingine wa kusawazisha.

Trei ya mayai 30 haifiki kilo 2, hivyo mayai ni mepesi lakini hutaka utulivu. Yakae juu katikati, ndani ya kasha, na chini yake pawekwe mto wa majani makavu au gunia lililokunjwa.

UKAGUZI KABLA YA KUONDOKA

Katibu au mtunza stoo asimruhusu mpelekaji kuondoka kabla ya mambo haya:

(a) Tairi la nyuma lijazwe upepo hata kidole gumba kisiweze kulibonyeza. Tairi legevu hupinda chini ya mzigo.
(b) Akamate breki ya mbele na kusukuma baisikeli mbele na nyuma. Kikisikika kishindo shingoni, shingo ikazwe.
(c) Ashike mzigo na kuutikisa. Baisikeli nzima itikisike pamoja nao. Mzigo ukitikisika peke yake, ufungwe upya.
(d) Aiendeshe hatua 50 uani, apinde kulia na kushoto, afunge breki mara moja.

IKIANZA KUYUMBA NJIANI

Mpelekaji asikaze mikono, kwa maana mikono iliyokakamaa huongeza mtikisiko. Alegeze viwiko, abane bomba la juu la fremu kwa magoti, apunguze uzito juu ya kiti kwa kukanyaga pedeli, kisha apunguze mwendo taratibu kwa breki ya nyuma. Kwenye mchanga wa vichochoro vya Mikocheni asitumie breki ya mbele kwa ghafla. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, rimu zikiwa na maji breki huchelewa kushika, basi aanze kuzifunga mapema. Katika Barabara ya Bagamoyo na ya Mwai Kibaki, ambako magari hupita karibu, kuyumba nusu mita tu kwaweza kumtoa mtu roho. Mahali kama hapo maziwa si jambo la kwanza tena.

WAJIBU WA CHAMA

Baisikeli ni mali ya wanachama, na mpelekaji ni mtumishi wao au mwenzao. Napendekeza Kamati zifanye mambo matatu. Kwanza, katika makisio ya mwaka ziweke fungu la keria imara, spoku, tairi na gololi. Pili, liwepo daftari dogo la safari, lenye uzito wa mzigo, jina la aliyefunga na jina la aliyekagua. Tatu, mzigo ukianguka, Kamati isikate posho ya mtu kabla ya kutazama daftari hilo na baisikeli yenyewe. Ikiwa keria ilikuwa imelegea wiki nzima na mpelekaji alikwisha kusema, hasara hiyo ni ya chama, nayo iandikwe hivyo.

Makatibu wanaombwa kuyasoma makala haya mbele ya wapelekaji wote, na kufunga mzigo mmoja kwa mfano ili kila mtu aone kwa macho yake.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika