Nasaba ya Maradhi

Uboho uliomo ndani ya mifupa yetu haulali: kila siku hutoa chembe nyekundu za damu zipatazo bilioni 200, na hizo zote, pamoja na chembe nyeupe zilinzazo mwili na vile vipande vidogo vigandishavyo damu jeraha linapotokea, nasaba yake hurejea kwa seli chache zilizojificha humo, ambazo wataalamu huziita seli shina. Seli shina haichukui hewa wala haipigani na vijidudu. Kazi yake ni kuzaa, na katika kuzaa huko huacha mfano wake yenyewe, kisha hutoa dhuria watakaokwenda kushika kila mmoja shughuli yake. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, ikafa na ila zake. Walakini seli shina hudumu miaka mingi, na hitilafu iliyoingia katika jeni zake huwa urithi wa kizazi chake chote.

Mwaka 1960, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, Peter Nowell na David Hungerford waliona kwa hadubini kromosomu moja ndogo kuliko kawaida katika seli za watu waliougua lukemia, saratani ya damu, ile aina iendayo polepole kwa miaka kabla ya kuchachamaa. Janet Rowley wa Chicago akabainisha mwaka 1973 kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zilikatika zikabadilishana vipande. Baadaye ikajulikana kwamba hapo zilipounganishwa jeni mbili, BCR na ABL, zimekuwa moja, itoayo amri ya kuongezeka isiyokoma.

Lakini je, ajali hiyo ilizipata seli nyingi kwa pamoja, au moja tu? Jawabu lilikuwa limekwisha kupatikana mwaka 1967, na shahidi wake ni kitu tukijuacho sana sisi watu wa nchi za malaria: kimeng'enya cha G6PD, ambacho upungufu wake humfanya mtu damu yake ivunjike apewapo dawa kama primakwini. Jeni yake imo katika kromosomu X, na mwanamke anazo mbili. Naye Mary Lyon wa Uingereza alikwisha kueleza mwaka 1961 ya kuwa kila seli ya kijusi cha kike huinyamazisha moja kati ya hizo mbili, na dhuria zake hufuata uamuzi huo daima. Basi mwanamke aliyerithi namna A, ambayo aghalabu hupatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, kutoka kwa mzazi mmoja, na namna B kutoka kwa mwingine, mwili wake ni mchanganyiko wa seli za A na za B. Philip Fialkow na wenzake waliwapima wanawake wa namna hiyo waliokuwa na lukemia hii: ngozi ilikuwa na zote mbili, bali chembe nyekundu na chembe nyeupe za maradhi zilikuwa na namna moja peke yake. Kwa kuwa aina mbili za chembe zilizo mbali hivyo hukutana kwa bibi mmoja tu, yaani seli shina, ikathibitika kwamba huyo ndiye asili ya yote. Mimi sijaona katika elimu ya saratani hoja nzuri kuliko hii, wala iliyohitaji zana chache hivyo.

Dawa ya imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huizuia ile amri, na wagonjwa waliokuwa wakifa katika miaka michache sasa huishi, wengi wao, karibu na umri wa wenzao. Hata hivyo hufyeka dhuria zaidi kuliko bibi. Seli shina kadha wa kadha hubaki zimelala ubohoni, maana uhai wake hautegemei amri hiyo. Ndiyo maana takriban nusu ya wale walioachishwa dawa, baada ya vipimo kukosa hata athari ya BCR-ABL kwa muda mrefu, maradhi huwarudia, aghalabu kabla ya miezi sita kupita. Kwa sababu hiyo tabibu humwambia mgonjwa ambaye damu yake ni safi aendelee kumeza kidonge chake, na akikubaliwa kuacha, arudi kupimwa damu kila mwezi.